Mhasibu wa Amani na ndege wa Kakamega

Kama umezaliwa Kakamega, au umesoma shule mojawapo ya kule Shinyalu, huenda umemwona ndege huyu mara nyingi bila kumjali. Ni mkubwa kama jogoo, rangi yake buluu, kichwani ana kishungi cheusi kama amenyolewa mtindo wa kisasa, na mdomo wake ni wa njano wenye ncha nyekundu. Kuruka si kazi yake. Anajirusha kutoka juu ya mti, anateleza hewani kidogo, anadandia tawi la mti wa pili, kisha anakimbia juu ya matawi kama kindi. Ni shorobo mkubwa wa buluu.

Sasa hebu jiulize. Kwa nini shorobo huyu yuko Kakamega na Nandi, lakini hayuko Aberdare wala Mlima Kenya? Miti ipo kule. Matunda yapo. Mvua ipo tele. Ukienda magharibi, Uganda, Kongo, hadi kule Guinea, unamkuta. Ukienda mashariki, hadithi yake inaishia hapa kwetu, kama matatu iliyofika steji ya mwisho. Na si yeye peke yake. Yuko kasuku wa kijivu ambaye siku hizi kumwona Kakamega ni bahati nasibu, yuko mla-nyuki mwenye kichwa cha buluu ambaye nchini Kenya hana makao mengine ila msitu huu, na wako nyoka, vipepeo na vyura ambao jamaa zao wote wako Kongo.

Mtu aliyekaa chini miaka mingi kuliko wengi akikuna kichwa kuhusu swali la namna hii hakuwa profesa. Hata chuo kikuu hakusoma. Alikuwa mhasibu, mtu wa daftari la hesabu, tena mgonjwa wa baridi yabisi. Jina lake ni Reginald Ernest Moreau. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania ya leo, kwa hiyo usitarajie nikwambie alilala Isecheno au alikunywa chai Lubao. Lakini ukitaka kuelewa msitu wa Kakamega ulikotoka, ni vigumu kumkwepa.

Moreau alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 karibu na Kingston, kusini mwa London. Alipenda ndege tangu utotoni, kama watoto wengi, ila yeye hakuacha. Mwaka 1914 alifanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali, akapelekwa ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi mjini Aldershot. Unaijua kazi ya namna hiyo: risiti, mihuri, vitabu vyenye mistari, na mkubwa wako anayetaka kila senti ionekane. Kisha mwili ukamgeuka. Baridi yabisi ilimshika kwenye viungo akiwa kijana kabisa, na hali ya hewa ya Uingereza, wewe mwenyewe umesikia sifa zake, haikumsaidia. Akaomba uhamisho aende penye jua. Mwaka 1920 alipelekwa Cairo.

Huko Misri ndiko maisha yake yalikopata sura. Siku za mapumziko alikuwa anazunguka jangwani na kwenye mashamba ya kando ya Nile akiandika kila ndege anayemwona, na akaanza kutuma makala kwa jarida la wataalamu wa ndege la Uingereza, Ibis. Huko huko alimpata mchumba. Alikuwa anaitwa Winifred Muriel Bird, na ukikumbuka kwamba Bird ni Ndege kwa Kiingereza, utakubali kwamba huyu bwana hakubahatisha. Walioana mwaka 1924. Winnie hakuwa mke wa kukaa nyumbani akisubiri mume arudi na hadithi. Alitazama viota, akapima, akaandika, na majina ya wote wawili yako pamoja juu ya makala kadhaa za kisayansi.

Mwaka 1928 wakahamia Amani. Mahali penyewe pana historia yake. Wajerumani walianzisha taasisi ya kilimo hapo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na baada ya vita Waingereza wakaigeuza kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki. Ukitoka Muheza unapanda kwa barabara ya kona kona, joto la Tanga linabaki chini, na kwenye mita 900 hivi unaingia katika ukungu na miti mirefu. Moreau hakuajiriwa kutafiti ndege. Aliajiriwa kwa kazi za ofisi, za hesabu na maktaba. Mchana alikuwa karani; muda uliobaki ulikuwa wa ndege. Aliishi hivyo hadi mwaka 1946.

Nitasema jambo hapa kabla hatujaendelea. Viungo vya Moreau havikuwa vya kupanda milima kila siku. Mtu aliyeujua msitu, aliyetembea, aliyewapata ndege waliojificha vichakani, alikuwa Mwafrika, Salimu Asumani, msaidizi wake mkuu. Moreau aliwafundisha watu wa pale kukaa mbele ya kiota tangu alfajiri hadi jua lizame wakiandika kila safari ya mama na baba: amekuja saa ngapi, ameleta nini, amekaa muda gani. Jaribu wewe kukaa saa kumi na mbili ukitazama kiota kimoja bila kushika simu. Takwimu zile zilikuwa za ajabu kwa wakati wake, na zilitoka machoni mwa watu kama Salimu. Lakini ukitazama majina ya ndege wa milima ya Tanzania utaona ndege mshonaji wa Moreau, chozi wa Moreau, na ndege wa msituni wa Bi Moreau. Kwa Salimu ni kutafuta sana. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa enzi za ukoloni, na mimi sioni sababu ya kulipitia kimya kimya.

Haya, turudi kwenye swali. Pale Amani, Moreau aligundua kitu kinachomsumbua. Misitu ya milimani ya Afrika Mashariki ni kama visiwa. Usambara ni kisiwa, Uluguru kisiwa, Taita kisiwa, Mlima Kenya kisiwa, na bahari inayovitenganisha ni nyika kavu yenye migunga na vumbi. Ndege wa kivuli cha msituni hapandi ndege, bwana. Wengi hawathubutu hata kuvuka shamba la mahindi. Sasa mbona ndege yuleyule yuko Usambara na yuko pia milima mingine ya mbali? Mfano wake mzuri ni yule mshonaji aliyepewa jina la Moreau mwaka 1931. Ni kandege kadogo ka kijivu chenye mdomo mrefu, kaliopatikana Amani. Baadaye, mwaka 1945, kakapatikana tena kwenye uwanda wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya kilomita 900 kutoka Amani. Katikati hakuna. Kalifikaje?

Jibu la Moreau, ambalo alianza kulijenga kwenye makala ya mwaka 1933, lilikuwa hili: si ndege aliyesafiri, ni msitu. Zamani, dunia ilipokuwa baridi zaidi, msitu wa milimani uliteremka ukaenea mabondeni na visiwa vyote vikashikana. Ndege wakatembeleana. Kisha joto likarudi, msitu ukapanda tena milimani ukijikata vipande vipande, na kila kundi la ndege likabaki limefungiwa kwake. Alipiga hesabu, mhasibu ni mhasibu, kwamba joto likishuka nyuzi tano hivi, msitu ambao leo unaanzia mita 1,500 ungeweza kushuka hadi mita 500.

Na hapo Kakamega inaingia. Moreau aliwagawa ndege wa misitu ya Afrika katika makundi mawili, wa tambarare na wa milimani, na karibu na ikweta mpaka wake aliuweka kwenye mita 1,500 hivi. Ramani yako inasema Kakamega iko wapi? Kati ya mita 1,500 na 1,700. Yaani msitu wetu umekaa juu ya ule mstari wenyewe. Ndiyo maana ukisimama pale kilima cha Buyangu asubuhi unaweza kusikia ndege wa Kongo na ndege wa milimani wakiimba kwenye mti mmoja, jambo ambalo kwingineko si la kawaida. Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha ule msitu mkubwa wa Kongo, ambao zamani ulifika huku ukiwa umeungana, kisha ukarudi nyuma ukatuachia hiki. Shorobo hakuja Kakamega. Alibaki Kakamega.

Mwaka huo huo wa 1933, kama unapenda visa vya tarehe kugongana, ndio serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi mipaka ya msitu wa Kakamega, karibu kilomita mraba 240. Wakati ule wazungu walikuwa wamejaa Kakamega wakichimbua mashimo, maana dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka 1931 na kila mtu alitaka kutajirika kesho. Nani alikuwa na habari na kandege ka kijivu cha Usambara?

Kazi ya Moreau ninayoipenda mimi zaidi si ile ya misitu, ni ya vinengenenge. Unawajua. Ni ndege wadogo wa rangi ya njano na kijani, wanatembea kwa makundi wakitafuta wadudu kwenye majani, na kila mmoja ana mduara mweupe kuzunguka jicho kama amevaa miwani. Kakamega wapo. Nairobi wapo, na wale wa kule wana mduara mpana mno utadhani ni miwani ya nyanya. Wa Taita tumbo lao ni la kijivu. Ukienda Mlima Kulal ni wengine, Kilimanjaro wengine, Pare Kusini wengine tena, na hao wa Pare walipewa jina la Winnie.

Moreau akajiuliza swali rahisi. Je, hawa ni watu tofauti au ni ukoo mmoja wenye sura tofauti? Basi akafanya kile ambacho mkaguzi wa hesabu hufanya. Alichukua ngozi za ndege zilizohifadhiwa kwenye makumbusho, zilizojazwa pamba na kufungwa kikaratasi mguuni kinachosema zimetoka wapi na lini, akaanza kupima. Bawa, mkia, mdomo, upana wa mduara wa jicho, kiasi cha njano tumboni. Mmoja baada ya mwingine, mamia kwa mamia. Matokeo aliyachapisha mwaka 1957, kitabu kizima karibu kuhusu ndege anayeingia kwenye kiganja.

Alichokiona ni kwamba tofauti hazikutawanyika ovyo. Kwa jumla, penye baridi na mwinuko vinengenenge walikuwa na mabawa marefu zaidi, penye joto mafupi. Mjerumani mmoja, Bergmann, alikuwa ameshaeleza kitu kama hicho mwaka 1847, na wewe unakijua kutoka mezani. Tonge la ugali mkononi linapoa haraka, lakini ugali mzima kwenye sinia unabaki moto hata mkimaliza mboga. Mwili mkubwa hupoteza joto polepole. Kwa hiyo kwenye baridi, mwenye mwili mkubwa kidogo ana nafuu, anaishi, anazaa, na watoto wake wanamrithi. Vizazi vikipita, ndege wa mlimani wanakuwa wakubwa kuliko binamu zao wa bondeni. Hakuna aliyeamua.

Lakini tofauti nyingine hazikuwa na maelezo ya baridi wala mvua. Kwa nini huyu awe na tumbo la kijivu na yule la njano, milima yao ikifanana? Hapa kuna jambo ambalo wataalamu wa jeni wa enzi zake walikuwa wanalifanyia hesabu, na naomba univumilie nilieleze kwa maharagwe.

Nenda sokoni Kakamega, tafuta mama mwenye gunia la maharagwe mchanganyiko: mekundu, meupe, meusi, ya madoadoa. Tia mkono uchote konzi moja. Ukifungua kiganja, huenda meusi hayamo kabisa, na ya madoadoa yamejaa. Si kwamba meusi ni mabaya. Ni bahati tu, kwa sababu umechota machache. Sasa panda konzi hiyo peke yake, vuna, chota tena konzi moja, panda. Baada ya misimu kadhaa shamba lako litakuwa na rangi moja au mbili. Kundi dogo la ndege lililofungiwa mlimani ni konzi hiyo. Linapoteza aina kwa bahati, na kila mlima unapoteza za kwake. Ukizidisha miaka ya kutosha, ndugu wawili hawafanani tena, na wakikutana huenda wasitambuane. Mwaka 1942 Ernst Mayr, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika kitabu kikubwa akisema hiyo ndiyo njia kuu ya spishi mpya kuzaliwa: kutenganishwa kwa mahali.

Moreau hakuwa na mashine ya kusoma DNA. Alikuwa na rula, karatasi na subira. Mwishowe yeye na wataalamu wenzake wakawaweka wengi wa vinengenenge wa milima ya Kenya na Tanzania kwenye spishi moja yenye matawi, na watu wakakubali kwa miongo kadhaa.

Aliporudi Uingereza mwaka 1946 afya yake haikuwa nzuri, lakini akapewa kazi mbili kwa mpigo: utafiti kwenye taasisi ya ndege ya Oxford na uhariri wa lile jarida la Ibis, ambalo aliliongoza hadi mwaka 1960. Wanasema alikuwa mhariri mkali, na makala iliyofika mezani kwake ikiwa na porojo ilirudi kwa mwenyewe imejaa wino. Oxford ikampa digrii ya heshima, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani mwao. Kazi yake ya mwaka 1944 juu ya idadi ya mayai, iliyoonyesha kwa takwimu kwamba ndege wa karibu na ikweta kwa kawaida hutaga machache kuliko wa Ulaya, ilichochea mjadala ambao haujaisha. Mwaka 1966 ukatoka ule mkubwa, kitabu chake juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake, mahali pa kuutafuta mstari ule wa mita 1,500.

Halafu, bila mtu kutarajia, mwaka 1968 akachapisha kitabu kuhusu kijiji. Alikuwa anaishi Berrick Salome, karibu na Oxford, akawasikiliza wazee wa pale wakieleza kijiji kilivyokuwa walipokuwa watoto, nani alilima wapi, nani aliishi na nani, akayaandika yote kwa utaratibu uleule. Nikikisikia kitabu hicho nafikiria alivyozoea kuwasikiliza watu wa Amani wakimweleza ndege yupi yuko bonde lipi. Alifariki tarehe 30 Mei 1970, siku moja baada ya kutimiza miaka 73. Kitabu chake cha mwisho, juu ya ndege wanaohama kati ya Ulaya na Afrika, kilitoka mwaka 1972 akiwa kaburini.

Je, alikuwa sahihi? Hapa ndipo panaponoga.

Kuhusu umri, alikosea. Moreau alidhani misitu ilitengana juzi juzi tu, kwa kipimo cha dunia, baada ya baridi kali ya miaka 18,000 hivi iliyopita. DNA ilipoanza kusomwa, ndege wengi wa milimani wakaonekana wametengana kwa muda mrefu mno, mamia ya maelfu ya miaka, wengine mamilioni. Tena tope la chini ya maziwa, lenye chavua ya mimea ya kale, limeonyesha kwamba wakati ule wa baridi Afrika Mashariki ilikuwa kavu. Unajua ukavu wa kiasi gani? Ziwa Victoria lilikauka. Lile ziwa lenyewe ambalo unakula samaki wake lilikuwa uwanda wa nyasi kama miaka 15,000 hivi iliyopita. Baridi haikuueneza msitu kila mahali kama alivyofikiri. Sehemu nyingi iliukaza.

Vinengenenge nao wakamwangusha. Jeni zao zimeonyesha kwamba ndugu wa karibu wa kinengenenge wa mlima fulani mara nyingine si yule wa mlima wa jirani anayefanana naye, bali yule wa nyika iliyo chini. Mfanano wa sura ulikuwa unadanganya, kwa sababu mlima mmoja na mwingine viliwafinyanga kwa namna ileile. Leo yule wa Taita, yule wa Pare Kusini mwenye jina la Winnie, na yule wa Kikuyu wanahesabiwa kuwa spishi kila mmoja peke yake.

Kuhusu swali lenyewe, hakukosea hata kidogo. Fikiria yule ndege wa msituni wa Bi Moreau. Mumewe alimtangaza mwaka 1938 kutoka Uluguru, juu ya Morogoro. Baadaye ndege wa namna hiyo wakaonekana pia kwenye milima ya Ukaguru na Rubeho, ng'ambo ya nchi kavu, na kila mtu akasema ni yuleyule. Mwaka 2009 watafiti watatu, mmoja wao Mtanzania, walisoma DNA ya pande zote wakakuta kwamba koo hizi zimetengana kiasi cha wao kupendekeza wale wa Rubeho na Ukaguru wahesabiwe kuwa spishi nyingine. Walichapisha matokeo hayo ndani ya Ibis, jarida lilelile ambalo Moreau alilihariri miaka kumi na minne.

Na wewe wa Kakamega, hili linakugusa vipi? Msitu uliochorwa mwaka 1933 haukubaki vile. Sehemu yenye miti ya asili leo ni ndogo zaidi kuliko ile ya kwenye ramani, na imekatikakatika: huku msitu mkuu, kule Kisere, kule Malava, kule Kaimosi, na upande wa juu wa genge misitu ya Nandi ambayo zamani ilikuwa kitu kimoja na huu. Kile kilichofanywa na hali ya hewa kwa maelfu ya miaka, panga na msumeno vimekifanya ndani ya miaka mia moja. Kisere ni kadogo sana, lakini ndiko wanakopatikana kima wa De Brazza, wale wenye ndevu nyeupe. Kima hao hawana mahali pa kwenda kutafuta wachumba. Ni konzi ya maharagwe.

Kule Taita, ambako vipande vya msitu ni vidogo kuliko vya kwetu, watafiti walishika ndege na kupima miguu yao, wa kushoto na wa kulia, mmoja mmoja. Kwa kawaida miguu hiyo inapaswa kulingana. Kwenye vipande vilivyoharibiwa zaidi, tofauti kati ya kushoto na kulia ilikuwa kubwa zaidi, dalili kwamba kifaranga alikua akiwa katika taabu. Tena wakakuta mbwewe wa Taita, samahani, namaanisha kurumbiza wa Taita yule mwenye kifua cheusi na mdomo mwekundu, wanatofautiana kijeni kati ya kipande kimoja na kingine ingawa kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo mfupi tu kwa pikipiki. Rula ya Moreau na mashine ya DNA, zote zikafanya kazi pamoja.

Siku utakayopanda matatu kutoka Kakamega mjini kwenda Webuye, kaa dirishani. Mkifika Malava utaona miti mikubwa imesimama kando ya barabara kwa muda mfupi, kisha inakwisha na miwa inaanza. Kile ni kipande kimoja. Tazama miwa inaendelea kwa muda gani, halafu kumbuka shorobo anavyoruka.